Nani Atayadai Makaburi ya Miaka 3,000?

Olasiti inajengwa. Anayetoka katikati ya jiji la Arusha kuelekea uwanja wa ndege wa Kisongo hupita mashamba ya kahawa ya Burka, na kila akirudi baada ya miezi kadhaa hukuta kuta mpya zimesimama. Barabara ya mchepuko imefungua viwanja mahali palipokuwa pakilimwa mahindi na maharage. Nyumba hizo huanza na mawe. Mwenye kiwanja huagiza tripu ya mawe ya msingi, kisha ya kokoto, kisha ya moramu. Fuso humwaga mzigo kando ya mtaro, fundi huanza kupanga, na hakuna anayeuliza mawe yale yalikuwa wapi kabla ya kupakiwa.

Machimbo yanajulikana, na jiwe lililopasuliwa mwambani halina kisa. Shaka iko kwenye mawe ya kuokota. Barabara hii ya Olasiti ndiyo inayoendelea hadi Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu na lango la Loduare, na nchi iliyo pande zake zote, kuanzia miteremko ya magharibi ya Kilimanjaro hadi Ziwa Eyasi, ilikaliwa na wafugaji wa kale waliokuwa wakiwazika baadhi ya wafu wao chini ya marundo ya mawe. Marundo hayo hayana uzio wala kibao. Mchungaji hupumzika juu yake, mbuzi huyapanda. Kwa anayetafuta mzigo wa Fuso, ni mawe ambayo mtu mwingine amekwisha kuyakusanya bila kudai ujira.

Mfano unaojulikana zaidi uko sakafuni mwa Kreta ya Ngorongoro. Kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, mlowezi wa Kijerumani, Adolf Siedentopf, alikuwa na shamba humo ndani, na Wajerumani ndio waliokuwa wa kwanza kuyafukua marundo ya kreta na kuandika habari zake. Hans Reck, mwanajiolojia aliyechimba Olduvai mwaka 1913, alikuwa miongoni mwao. Mwaka 1941 Louis Leakey alikuja na kuchimba marundo mengine, lakini taarifa yake ilichapishwa mwaka 1966, robo karne baadaye, katika jarida la Tanzania Notes and Records. Hamo Sassoon, aliyekuwa Mhifadhi wa Mambo ya Kale, alifukua rundo moja zaidi katika miaka hiyohiyo ya 1960. Hiyo ndiyo karibu orodha nzima. Kwa eneo ambalo ulimwengu mzima unalijua kwa jina, ni kazi ndogo mno.

Vilivyotoka chini ya mawe hayo ni mifupa ya watu, shanga, mawe ya kutwangia na bakuli zilizochongwa kwa jiwe la volkano. Bakuli hizi ndizo zinazoyafunga pamoja maeneo mengi ya Bonde la Ufa. Amini Mturi, aliyewahi kuiongoza Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania, alichapisha mwaka 1986 utafiti wake kuhusu wafugaji hao hao wa kale Kilimanjaro Magharibi, upande unaotazamana na Mlima Meru. Huko Kenya, kwenye Pango la Mto Njoro karibu na Nakuru, Mary na Louis Leakey walichimba mwaka 1938 na kukuta mabaki ya watu wapatao 80 waliochomwa moto baada ya kufa, wakiwa na shanga na bakuli za mawe. Namna za kuzika zilitofautiana, lakini vyombo vya kuwasindikiza wafu vilifanana.

Habari yenyewe inaanzia mbali zaidi, kaskazini. Miaka kama 5,000 iliyopita, Ziwa Turkana lilipokuwa likinywea na mvua zikipungua, wafugaji wa kwanza wa sehemu hizo walijenga makaburi makubwa ya pamoja. Lile la Lothagam Kaskazini lina jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30, na katikati yake kuna shimo walimolazwa watu wasiopungua 580 kwa mujibu wa utafiti ulioongozwa na Elisabeth Hildebrand na kuchapishwa mwaka 2018. Waliozikwa ni wanaume, wanawake, wazee na watoto wachanga. Karibu kila mmoja alikuwa na pambo lake, na hakuna dalili ya kundi la wakubwa lililotengewa sehemu yake. Shimo lilipojaa, kiasi cha miaka 4,300 iliyopita, walilifunika kwa mawe wakaondoka.

Vizazi vingi baadaye ng'ombe, mbuzi na kondoo walifika kwetu. Luxmanda, katika Mkoa wa Manyara, ni kijiji cha wafugaji cha miaka kama 3,000 iliyopita, kilichochimbwa na timu ya Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na Mary Prendergast na Katherine Grillo. Ndilo eneo kubwa la wafugaji wa aina hiyo lililoko kusini zaidi. Katika sehemu mbalimbali za kaskazini mwa Tanzania, Serengeti ikiwemo, watafiti wameokota vipande vya obsidiani, jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, na vipimo vya kemikali vimeonyesha kuwa chimbuko lake ni maeneo ya Ziwa Naivasha. Ni safari ya zaidi ya kilomita 200 kwa miguu. Wafu wa Ngorongoro hawakuwa watu wa porini waliopotea peke yao. Walikuwa na ndugu, washirika wa kubadilishana mali na njia zilizokanyagwa sana kuvuka nchi ambayo leo ina mpaka katikati.

Mifupa michache ndiyo iliyotuambia zaidi. Mwaka 2017 vinasaba vya mtu mmoja wa Luxmanda, aliyeishi miaka kama 3,100 iliyopita, vilionyesha kwamba takriban asilimia 38 ya asili yake inahusiana na wakulima wa kale wa nchi za Mashariki ya Kati. Mwaka 2019 Prendergast na wenzake walichapisha vinasaba vya watu 41 wa kale kutoka Kenya na Tanzania. Picha iliyojitokeza ni ya wafugaji waliokuja kwa awamu, wakachanganyika na jamaa za Sudan, wakachanganyika na wawindaji waliowakuta hapa, na damu yao ikaendelea kwa watu wa Afrika Mashariki wa sasa. Wataalamu wa lugha walikuwa wamekwisha kuwahusisha wafugaji hao na wazungumzaji wa Kikushi cha kusini, ambao Wairaqw wa Mbulu na Karatu ni kizazi chao kilicho karibu zaidi nasi.

Hapa ndipo hoja ya makala hii ilipo. Kaburi la jana lina mdai. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 inatambua hilo: ardhi ikihitajika kwa shughuli ya umma, ndugu hutangaziwa, hujitokeza, mabaki huhamishwa kwa heshima na gharama hulipwa. Hata mradi mkubwa wa barabara husimama kwa siku kadhaa kungoja ukoo umalize shughuli zake. Kaburi la miaka 3,000 halina ukoo wa kujitokeza. Jina la marehemu limesahaulika, lugha yake imebadilika, hakuna mjukuu wa kusimama mbele ya greda. Kwa utaratibu wa sheria hiyo, ni kama halipo. Na bado sayansi imetuambia kwamba wajukuu wapo, wanachunga Monduli na kufungua maduka Olasiti, isipokuwa hakuna anayejua kuwa yeye ndiye wa kudai.

Kupata mdai si jambo la kufikirika tu. Mwezi Septemba 2023 taasisi ya urithi wa Prussia mjini Berlin ilitangaza kuwa, kati ya mafuvu yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni, baadhi yamelinganishwa kwa vinasaba na familia zilizo hai Kilimanjaro, moja likihusishwa na Akida, mshauri wa Mangi Meli, chifu wa Wachagga. Meli alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900 huko Old Moshi, siku moja na Mangi Lobulu wa Wameru. Familia zilizongoja zaidi ya miaka 120 zilipata jibu. Mafuvu hayo yalikuwa na bahati ya kuwa na watu waliokataa kuyasahau, waliouliza tena na tena hadi wakasikika.

Kwa kaburi la kale zaidi, wa kwanza kulisemea hana budi kuwa jirani yake. Kaskazini mwa Tanzania jambo hilo si geni hata kidogo, kwa sababu desturi ya kuzika chini ya rundo haikukoma na wafugaji wale wa zamani. Kwa Wamaasai wa kale, wafu wengi hawakuzikwa. Walioheshimiwa hasa, wazee wakubwa na malaiboni (viongozi wao wa kiroho), ndio waliofukiwa na kuwekewa mawe, na mpita njia alikuwa akiongeza jiwe lake kila anapopita. Rundo lilikua kwa heshima ya wapitao. Wadatoga nao wana bung'eda, mazishi ya mzee aliyeishi maisha ya kuigwa. Kaburi hujengewa kichuguu kikubwa cha udongo na miti, pombe ya asali hutengenezwa, koo hukusanyika, na shughuli yote huweza kuchukua hadi miezi tisa. Mahali hapo hubaki patakatifu; watoto wa watoto huenda kuomba hapo.

Tena ni Wadatoga, wa tawi la Barabaig, waliotuachia kumbukumbu chungu zaidi ya kinachotokea rundo la kaburi linapokutana na trekta. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilianzisha mashamba makubwa ya ngano katika tambarare za Basotu, Hanang. Yalifikia takriban ekari 100,000, na zilikuwa zile zenye malisho bora. Mtafiti Charles Lane, aliyeishi na Wabarabaig katika miaka ya 1980, aliandika jinsi makaburi ya bung'eda yalivyolimwa pamoja na ardhi, licha ya wazee kulalamika. Baadhi yalibaki kama visiwa katikati ya ngano, ndugu wakizuiwa kuyafikia. Mengine yalipotea kabisa chini ya jembe.

Hanang wakati huo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Arusha, kwani Manyara ulianzishwa mwaka 2002, na shauri lilifika Mahakama Kuu mjini Arusha. Kijiji cha Mulbadaw kilifungua kesi mwaka 1981 kikidai ardhi yake. Kilishinda Mahakama Kuu, kisha mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi huo, kwa sababu kijiji hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi hiyo kisheria na walalamikaji wengi hawakuthibitisha haki yao ya kimila. Ukiisoma hukumu hiyo leo, jambo moja linauma. Watu walitakiwa kuthibitisha kuwa wameikalia ardhi, nao walikuwa na ushahidi wa mababu uliosimama juu ya ardhi yenyewe, na ushahidi huo ndio uliokuwa ukilimwa. Kaburi lililoandikwa, lililopimwa na kuchorwa kwenye ramani lingekuwa hati. Kaburi lililobaki katika kumbukumbu za wazee peke yake lilikuwa maneno.

Mtu anaweza kudhani sheria ndiyo inayokosekana. Haikosekani. Serikali ya kikoloni ilitunga amri ya kuhifadhi kumbukumbu za kale mwaka 1937, Idara ya Mambo ya Kale ikaanzishwa mwaka 1957, na mwaka 1964 Bunge likapitisha Sheria ya Mambo ya Kale ambayo, pamoja na marekebisho ya 1979, ndiyo inayotumika hadi sasa. Inayataja maziko waziwazi miongoni mwa kumbukumbu inazozihusu, ilimradi yalifanywa kabla ya mwaka 1863. Inakataza kuchimba bila leseni. Inamtaka anayevumbua kitu cha kale atoe taarifa. Inaziruhusu halmashauri kutunga sheria ndogo za kulinda urithi ulio katika maeneo yao. Sera ya Malikale ya mwaka 2008 imesisitiza ushirikishwaji wa jamii, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza.

Tatizo ni kwamba vyote hivi humngoja mtu anayejua anachokitazama. Tathmini ya mazingira hufanyika kwa barabara kuu, kwa bwawa, kwa uwanja mpya wa soka unaojengwa Arusha kwa ajili ya AFCON 2027. Haifanyiki kwa Fuso la Jumamosi lililokwenda kuokota mawe ya msingi Monduli, wala kwa kijana aliyekodi trekta kufungua ekari tano za dengu. Makaburi ya kale yanamalizwa na kazi ndogondogo za namna hiyo, za halali na za nia njema, zinazofanywa na watu ambao hawajawahi kuambiwa lolote. Afisa wa Idara aliyeko Dodoma hawezi kuyaona. Mwenyekiti wa kitongoji anaweza.

Na ni kweli kwamba kuyatambua si kazi rahisi. Engaruka inatupa somo hapa. Magofu yale yaliyo chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kaskazini mwa Mto wa Mbu, yalitajwa na msafiri Mjerumani Gustav Fischer mwaka 1883. Leakey alifika mwaka 1935, akaona maelfu ya vibaraza vya mawe, kuta na marundo, akakadiria mji wa watu 30,000 hadi 40,000 wenye makaburi yao. Wachimbaji waliomfuata, Sassoon, Peter Robertshaw, John Sutton na baadaye Daryl Stump, walionyesha jambo jingine: Engaruka ya karne ya 15 hadi ya 18 ilikuwa hasa nchi ya wakulima wa umwagiliaji, na marundo mengi aliyoyafikiri kuwa makaburi ni mawe yaliyoondolewa shambani ili jembe lipite. Hata Leakey, mwenye uzoefu usio na mfano, hakuweza kutofautisha kwa macho.

Mkulima au mchungaji basi hapaswi kubebeshwa kazi ya kutoa hukumu. Zipo ishara za kumfanya asite: rundo la duara au la yai lililopangwa kwa mkono, likiwa peke yake juu ya mgongo wa kilima au karibu na maji ya zamani, mawe yake yakiwa yamezama ardhini na kuota kuvu la miaka mingi, na hakuna dalili ya shamba jirani. Rundo la kusafishia shamba kwa kawaida hukaa mpakani, mawe makubwa na madogo yakiwa yamechanganyika hovyo. Lakini ishara si uthibitisho, na njia ya kuuthibitisha ni mchimbaji mwenye leseni, akiondoa jiwe moja baada ya jingine na kuchora kila hatua. Namna mtu alivyolazwa, alikotazama, shanga zilizokuwa shingoni au kiunoni, chavua iliyobaki kwenye udongo wa chini ya bakuli: hayo yote yamo katika mpangilio. Ukishaondoa mawe, mpangilio umekwisha, hata kama mifupa itabaki. Huwezi kuurudisha.

Uharibifu mwingine hutokana na tamaa, na unastahili kusemwa wazi. Kote nchini kuna watu wanaoamini kwamba Wajerumani walipokuwa wakikimbia vitani walifukia mali, dhahabu na rupia, wakaweka mawe juu yake kama alama. Imani hiyo imefukua mashimo mengi usiku. Makaburi ya wafugaji wa kale hayana dhahabu wala rupia. Hawakujua chuma; zana zao zilikuwa za mawe, na kilichowekwa kando ya mfu kilikuwa bakuli, kinu na ushanga. Hakuna mnunuzi wa vitu hivyo mjini Arusha, na anayevifukua bila leseni anavunja sheria ya nchi kwa ajili ya mifupa atakayoitupa kando. Waganga na matapeli wanaouza ramani za hazina wanajua hivyo vizuri kuliko wateja wao.

Marundo ya Ngorongoro yenyewe yamesalimika kwa sababu ambazo hazikuwahusu wafu. Eneo la Hifadhi liliundwa mwaka 1959. Mwaka 1974 familia za Wamaasai zilizoishi sakafuni mwa kreta ziliondolewa, na mwaka uliofuata kilimo kilipigwa marufuku katika eneo lote. Trekta halikuingia tena, na mawe yakabaki. UNESCO iliiweka Ngorongoro katika Urithi wa Dunia mwaka 1979 kwa ajili ya mazingira yake, na ikaongeza sifa ya kiutamaduni mwaka 2010. Ni usalama uliolipiwa na watu waliohamishwa, na hauwezi kuwa mfano wa kuigwa kwa Monduli, Longido, Karatu au Siha, mahali ambapo watu wanaishi, wanalima, wanachunga na wanahitaji kujenga. Huko ulinzi lazima ukae pamoja na maisha.

Denmark imelifanya hilo, na ni nchi ya wakulima iliyofuga na kulima kila pembe yake. Huko nako, katika karne ya 19, maelfu ya marundo ya makaburi ya kale yalisawazishwa kwa jembe na mawe yake kupelekwa kwenye barabara na misingi ya nyumba. Mwaka 1937 sheria iliyalinda yote yanayoonekana, yawe ya nani na yawe shamba la nani. Kanuni za leo zinakataza kulima ndani ya mita 2 kutoka ukingo wa rundo, na zinazuia ujenzi ndani ya mita 100. Mita 2 ni hatua mbili za mtu mzima. Mkulima hapotezi shamba, hahitaji mtaalamu wa kumpimia, na anajua mahali pa kugeuzia trekta. Ubora wa kanuni hiyo uko katika wepesi wake.

Kanuni kama hiyo inaweza kutungwa na halmashauri yoyote ya mkoa wa Arusha bila kungoja marekebisho ya sheria mama. Nyenzo nyingine iko mezani tayari. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007, vijiji vinaandaa mipango ya matumizi bora ya ardhi: hapa malisho, hapa mashamba, hapa makazi, hapa msitu wa kijiji. Timu ya upimaji hutembea na wazee kijiji kizima ikiuliza kila kilima na kila kisima. Kuongeza swali moja kwenye matembezi hayo, kuhusu marundo ya mawe ambayo hakuna anayekumbuka aliyeyakusanya, hakuhitaji bajeti mpya. Alama ikishawekwa kwenye ramani iliyopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, mtendaji ana karatasi ya kumwonyesha mwenye Fuso. Hicho ndicho Mulbadaw walichokikosa.

Wazee wana mengi ya kusema katika matembezi hayo. Wachungaji wa Kimaasai na wa Kidatoga wanayajua marundo kwa mahali yalipo, hata yale wanayosema ni ya watu waliokuwepo kabla yao, na wengi wamefundishwa tangu utotoni kutoyachokoza. Heshima hiyo ndiyo iliyoyalinda kwa karne nyingi bila mshahara. Inavunjika pale ardhi inapobadili mikono: mnunuzi aliyetoka mjini amenunua ekari kumi, hamjui mtu kijijini, na hakuambiwa chochote siku ya kuandikishana. Mashahidi wa mauziano wangeweza kumwonyesha rundo kama wanavyomwonyesha mpaka na njia ya mifugo.

Anayelikuta rundo la aina hiyo, awe mkulima, dereva wa greda au mwanafunzi aliyekwenda kuchunga likizo, ana kazi chache za kufanya. Aliache kama lilivyo. Apige picha kwa simu akiwa mbali kidogo ili eneo lionekane, kisha karibu, aweke kitu cha kulinganishia ukubwa. Ahifadhi alama ya mahali kwenye ramani ya simu. Ampelekee taarifa mtendaji wa kijiji au afisa utamaduni wa wilaya. Kwa aliye Arusha kuna mlango mwingine: Makumbusho ya Elimu Viumbe, ndani ya Boma la Wajerumani katikati ya jiji, ambayo ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa. Kutoka Olasiti ni nauli ya daladala.

Na kwa anayeagiza mawe ya msingi, swali la kumuuliza dereva kabla ya kulipa ni fupi: umeyapakia wapi? Dereva anayenunua machimboni hujibu papo hapo na hutaja jina la machimbo. Madereva wa njia za Monduli na Makuyuni wakiulizwa hivyo na kila mteja, habari itafika hadi kwa wapakiaji katika msimu mmoja wa ujenzi, maana hakuna anayependa kurudi na mzigo uliokataliwa.